Chesisi ya kiwandani, bodi ya fundi: kwa nini kesho ya mabasi yanayoundwa Kenya ina shaka

Katika barabara za Eneo la Viwanda jijini Nairobi hupita mara kwa mara kitu ambacho mgeni hukitazama mara mbili: reli mbili ndefu za chuma zilizobeba injini, gia, tangi la mafuta na magurudumu sita, bila mlango, bila paa, bila kioo. Dereva amekaa kwenye kiti cha muda, kofia ngumu kichwani na miwani machoni, upepo ukimpiga kifuani. Hiyo ni chesisi inayopelekwa karakana ya bodi, yaani ya mwili wa gari. Baada ya wiki kadhaa itarudi barabarani ikiwa matatu ya abiria 33, na jina limeandikwa ubavuni.

Mjadala kuhusu magari haya makubwa yanayoundwa nchini una vumbi jingi. Wamiliki hulaumu kodi na bei ya dola, mafundi hulaumu mabasi ya Kichina, wakaguzi hulaumu mafundi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ila vipande vyote hukutana mahali pamoja: fundi wa Kenya huunda nusu ya gari tu, na kazi yake ipo kwa sababu kuna mtu mwingine anayeendelea kumletea ile nusu ya pili ikiwa uchi. Ukishalielewa hilo, mengine yanafunguka yenyewe.

Tuyatenge kwanza maneno matatu ambayo wanasiasa hupenda kuyachanganya. Kuunganisha ni kupokea gari likiwa vipande ndani ya makontena na kulifunga kwa kufuata mpangilio wa mwenye chapa. Kuunda, neno ambalo pwani hutumika kwa jahazi, ni kuanza na mabomba ya chuma, mabati na vipimo vyako mwenyewe hadi chombo kisimame. Kutengeneza gari zima, injini na gia vikiwemo, ni jambo la tatu, na huko hatujafika. Mradi wa Nyayo Pioneer ulioanza mwaka 1986 na kuonyesha magari yake mwaka 1990 uliishia kwenye magari machache ya mfano. Mobius, gari lililobuniwa kwa barabara mbovu na kuundwa Nairobi, liliyumba: kampuni ilitangaza kufunga mnamo Agosti 2024, kisha ikatangaza kwamba imepata mnunuzi. Basi limedumu miongo kadhaa kwa sababu halikujaribu kuwa gari zima.

Chesisi inatoka wapi

Viwanda vitatu vya kuunganisha magari vilizaliwa miaka ya 1970: kile cha Leyland huko Thika, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, cha General Motors Nairobi, ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa, na Associated Vehicle Assemblers, Mombasa. Mlango wa magari yaliyotumika kutoka nje ulipofunguliwa miaka ya 1990, uunganishaji wa magari madogo ya saluni ulinyauka. Malori na chesisi za mabasi vikabaki, na kilichovishikilia ni ushuru. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza 2005, uliweka asilimia 25 kwa gari lililokamilika na asilimia 0 kwa vipande vya kuunganishwa. Pengo hilo ndilo shamba ambalo karakana za bodi zimelimia.

Tatizo ni kwamba vipande havinunuliwi kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imerudi karibu 130. Mtu aliyeagiza chesisi katika wiki mbaya alibeba hasara ambayo hakuna ustadi wa kuchomelea unaoweza kuifidia.

Bodi inavyoundwa, na inapokosewa

Kazi huanza kabla cheche ya kwanza haijaruka. Nyaya za betri hufunguliwa, zote mbili, na kompyuta ya injini huchomolewa kwenye soketi yake, kwa maana mkondo wa mashine ya kuchomelea ukipita humo huiua bila kuacha alama. Kibanio cha ethi, kinachorudisha mkondo kwenye mashine, hufungwa karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Kikifungwa mbali, mkondo hutafuta njia kupitia beringi za magurudumu au za gia, na beringi hizo zitaanza kulia baada ya miezi bila mtu kukumbuka sababu. Springi na mipira ya breki hufunikwa. Tone moja la chuma kilichoyeyuka likiangukia jani la springi huacha doa gumu dogo, na jani litakatikia hapo hapo.

Sasa reli za chesisi. Kila reli ina umbo la herufi C: ubavu uliosimama, na midomo miwili, juu na chini. Chesisi inapopinda kwa mzigo, mkazo mkubwa uko kwenye midomo. Katikati ya ubavu mkazo unakaribia sifuri. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba midomo haitobolewi wala haichomelewi. Vyuma vya kukingama vinavyobeba sakafu hufungwa kwa mabano yanayoshika ubavu, kwa boliti za daraja 8.8 au 10.9 na nati za kujifunga, kisha hukazwa upya gari likishatembea kama kilomita 1,000. Fundi mwenye haraka huweka mshono wa kuchomelea juu ya mdomo, kwa sababu ni dakika mbili badala ya nusu saa. Ufa utaanzia mwisho wa mshono huo. Hautaonekana mwaka wa kwanza.

Kuna kosa la pili ambalo hata karakana nzuri hulifanya. Chesisi ya lori imekusudiwa kujipinda. Gurudumu moja likipanda tuta na la pili likiwa shimoni, reli hujisokota. Bodi ya basi ni sanduku gumu lisilotaka kusokotwa. Ukizifunga mbili hizi kwa ugumu ule ule kutoka mbele hadi nyuma, mmoja lazima aumie, na huwa ni bodi: nyufa hutokea kwenye pembe za mlango, kioo cha mbele hupasuka bila kupigwa jiwe, na madirisha ya mbele huanza kugoma kufunguka. Dawa yake ni kufunga nyuma kwa ugumu na kuacha viungo vya mbele vikiwa na raba au springi ili reli zicheze kidogo.

Juu ya vyuma vya sakafu husimamishwa matao. Tao ni chuma cha sakafu, nguzo mbili na upinde wa paa, vyote vikiwa kwenye mstari mmoja kama pete. Nguvu ya basi linapobiringika imo ndani ya pete hizo, si ndani ya bati. Nguzo ikisogezwa sentimita 20 ili dirisha lipendeze, nayo ikaacha kukutana na chuma cha sakafu, hiyo si pete tena. Ni nguzo iliyosimama juu ya hewa. Kiungo kinachoteseka zaidi ni kile cha nguzo na mkanda wa chini ya dirisha. Hapo huongezwa vipande vya pembetatu, na mshono huzunguka pande zote nne, si mbili tu zinazoonekana.

Unene wa bomba ndipo pesa huibwa kimyakimya. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa kilo 2.4 kwa mita. Likibadilishwa na la milimita 1.5, macho hayaoni tofauti, lakini uwezo wake wa kuhimili kupindwa umeshuka kwa asilimia 22. Kinyume chake, ukipanda hadi bomba la 50 kwa 50 lenye unene ule ule wa milimita 2, uzito unaongezeka kwa asilimia 26 na nguvu ya kuhimili kupindwa inaongezeka kwa asilimia 61. Kwa hiyo anayesema bodi imara lazima iwe nzito anasema nusu ya jambo. Bomba pana hushinda bomba nene. Mwenye basi afike karakana na kaliba, yaani kipimo cha unene, mfukoni, apime ncha za mabomba kabla bati halijayafunika.

Kipimo cha kimataifa cha uimara huu, Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 66, ni rahisi kueleza: basi huwekwa juu ya jukwaa lenye kimo cha milimita 800, huinamishwa taratibu hadi lidondoke kwa ubavu kwenye sakafu ngumu, kisha huangaliwa kama kuna nguzo au paa vilivyoingia katika nafasi ya abiria. Kwetu, kiwango cha KS 372 cha shirika la viwango, KEBS, ndicho kinachoeleza bodi ya gari la abiria iundweje, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndiyo inayosimamia ukaguzi na usajili. Kiwango kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni jicho la mkaguzi katika wiki ile moja ambayo mifupa ya basi iko wazi. Basi likishavalishwa bati, puti na rangi, mkaguzi anakagua rangi. Mnamo Oktoba 2018, huko Fort Ternan, kaunti ya Kericho, basi lilitoka barabarani, paa likang'oka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Tangu hapo hakuna aliye na haki ya kuuliza kwa nini matao yajadiliwe.

Bati la ubavu, aghalabu la mabati yenye unene wa milimita 1.2, haligongelewi tu. Hushikwa upande mmoja, huvutwa upande wa pili huku likipashwa moto, hufungwa likiwa limetanuka, na likipoa hujikaza kama ngozi ya ngoma. Bati lisilovutwa hulia njia nzima na kubonyea kwa kiganja. Kabla ya kulivalisha, mabomba yanapaswa kupigwa rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, ncha zake kuzibwa, na tundu dogo kutobolewa chini ili maji yatoke. Hapa ndipo haraka inapouma kuliko kote. Maji ya mvua hupenya kwenye raba ya dirisha, hushuka ndani ya nguzo na kutuama kwenye kitako chake. Bomba la milimita 2 likiliwa nusu milimita, umerudi kwenye lile bomba la 1.5 ulilokataa kununua. Kutu hiyo haionekani. Dalili yake ya kwanza ni rangi kuvimba karibu na sakafu.

Umeme nao usipuuzwe. Alteneta ya volti 24 inayotoa ampea 60 ina wati 1,440 kwa jumla, taa, feni na wipa zikiwa ndani ya hesabu hiyo. Muziki wa wati 2,000 wa matatu ya mjini unahitaji ampea 83 peke yake. Pengo hujazwa kutoka kwenye betri mpaka betri zife. Mbaya zaidi ni waya mwembamba unaochukuliwa moja kwa moja kutoka betrini bila fyuzi, ukapitishwa kwenye tundu la chuma lisilo na raba. Mtikisiko hukwaruza ganda la waya, shaba hugusa bodi, na hakuna kitu cha kukata mkondo. Mabasi kadha wa kadha yaliyoungua barabarani yaliungua kwa kitu cha thamani ya fyuzi moja.

Hesabu ya uzito

Tuchukue mfano. Chesisi inaruhusiwa tani 8.5 ikiwa imejaa, na yenyewe tupu ina tani 2.7. Zinabaki kilo 5,800. Abiria 33, dereva na kondakta, kwa kilo 70 kila mmoja, ni kilo 2,450. Mzigo wa kilo 15 kwa abiria ni kilo 495. Bodi imebakiwa na kilo 2,855.

Mita 350 za mabomba kwa wastani wa kilo 2.7 ni kilo 945. Mita za mraba 60 za bati la milimita 1.2 ni kilo 565. Sakafu ya plywood ya milimita 18, kilo 175. Viti 33 vya kilo 12, karibu kilo 400. Vioo, kilo 175. Uso na mgongo wa faiba pamoja na milango, kilo 200. Puti, rangi na silanti, kilo 100. Jumla 2,560. Zimebaki kilo 295, na bado hatujaweka keria, skrini wala spika.

Sasa mwenye gari anaomba safu moja zaidi, viti vinne tu. Kiti, mtu na mzigo wake ni kilo 97. Mara nne ni kilo 388. Basi limevuka uzito kabla halijatoka getini. Hakuna ufisadi wala uzembe uliohitajika, ni kujumlisha tu.

Safu hiyo ya ziada huwekwa nyuma, na hilo lina adhabu yake. Sehemu ya bodi inayopita nyuma ya ekseli, tuite mkia, isizidi asilimia 60 ya umbali kati ya ekseli mbili. Kwenye chesisi yenye umbali wa mita 4.2, mkia ni mita 2.5 basi. Abiria watano wa kiti cha mwisho, kilo 350, wakiwa mita 2.2 nyuma ya ekseli, huiondolea ekseli ya mbele kilo 183. Ongeza buti lililojaa magunia, na dereva atahisi usukani mwepesi kwenye mlima, na magurudumu ya mbele yakisita kushika njia kwenye lami yenye maji. Wengine hutibu kwa kukata chesisi na kuirefusha kati ya ekseli. Inawezekana, ila kwa maelekezo ya mwenye chapa, kwa kiraka cha ndani kinachopita mbali na kiungo, na kwa kurekebisha shafti, mabomba ya breki na pembe ya usukani. Kuikata kwa jicho na kuiunga kwa mshono mmoja ulionyooka ni kuandaa mahali ambapo gari litavunjikia.

Mshindani asiye na chesisi

Ukisimama Stendi ya Magufuli, Mbezi, jijini Dar es Salaam, utahesabu mabasi ya mikoani na chapa zitajirudia: Yutong, Zhongtong, Higer. Mengi kati ya haya yana mwili mmoja. Hayana ngazi ya reli mbili chini. Mabomba ya sakafu, nguzo na paa ndiyo yanayobeba kila kitu, injini ikiwa nyuma. Kwa kuwa reli hazipo, katikati ya ekseli panapatikana buti kubwa, sakafu ya abiria inapanda juu ya mizigo, na mwili mzima unaweza kuzamishwa kwenye bwawa la dawa ya kutu inayovutwa na umeme hadi ndani ya kila bomba. Kile ambacho fundi wetu hukifanya kwa brashi na kwa imani, bwawa hukifanya kwa dakika chache.

Basi la namna hiyo halina nusu ya kumwachia fundi. Ama linakuja zima, ama linakuja vipande kwenye kiwanda cha kuunganisha. Tanzania ilishaonyesha jinsi mabadiliko yanavyoenda kasi kwenye njia ndefu mara mikopo na vipuri vikipatikana.

Hata hivyo lina udhaifu ambao wauzaji hawautaji. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mkazo ambao kwenye lori humezwa na reli hupita mwilini, na mwili ukipata ufa hakuna reli ya kulishikilia basi. Taa ya mbele, kioo kilichopinda na uso wa faiba ni vya modeli hiyo pekee. Kikivunjika kimoja, basi linangoja meli. Likigongwa ubavuni linahitaji kunyooshwa kwenye fremu ya vipimo, siyo kwa jeki na mnyororo. Matatu ya chesisi ya lori hugongwa leo Gikomba na kurudi njiani wiki ijayo, kwa sababu kila kipande chake kiliundwa kwa mkono na kinaweza kuundwa tena kwa mkono. Mwenye gari anayelipa mkopo kila mwezi anajua thamani ya wiki hiyo.

Mabasi ya mwendo wa haraka, yenye njia zake pekee, ni tishio la aina nyingine. Dar es Salaam iliyaanza Mei 2016 kwa mabasi ya Golden Dragon. Vituo viko katikati ya barabara, sakafu ya basi inalingana na sakafu ya kituo, na milango iko upande wa dereva. Chesisi ya lori iliyopangwa kwa mlango wa kushoto wenye ngazi tatu haiwezi kugeuzwa iwe hivyo. Nairobi ilishaanza vituo vya namna hiyo kwenye Barabara ya Thika. Vikikamilika na kuanza kazi, njia zenye abiria wengi zaidi zitakuwa zimefungiwa bodi za kawaida.

Umeme unabadilisha swali

BasiGo ilianza majaribio ya mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022 kwa magari ya BYD ya abiria 25, mwenye gari akilipia betri kwa kilomita anazotembea. Roam ilionyesha basi lake kubwa mwaka huo huo. Uunganishaji ukafuata, Mombasa na Thika, katika viwanda vile vile vya miaka ya 1970. Uganda imechukua njia ndefu zaidi: Kiira Motors ilionyesha basi la jua la Kayoola mwaka 2016 na kujenga kiwanda Jinja, ikitaka mwili wa basi uundwe humo humo.

Kwa fundi wa bodi, hesabu ya uzito tuliyoifanya juu ndiyo inayoumiza. Betri ya kilowati-saa 150, kwa kawaida ya wati-saa 150 kwa kila kilo, ina tani 1 nzima. Ukitoa injini ya dizeli, gia na tangi utarudishiwa kilo mia kadhaa, lakini mota na vifaa vyake vitachukua sehemu ya hizo. Zile kilo 295 za akiba hazitoshi. Bodi lazima ipungue, na haipungui kwa kununua bomba jembamba la chuma kile kile. Inapungua kwa alumini au kwa chuma chenye nguvu ya juu. Alumini huhitaji mashine nyingine na mkono mwingine. Chuma chenye nguvu ya juu kikichomelewa kwa moto uliozidi hurudi kuwa chuma cha kawaida pembeni mwa mshono, na hapo ndipo kitakapopinda. Anayeweka betri juu ya paa naye amepandisha kitovu cha uzito. Matao yaliyotosha kwa paa tupu hayatoshi kwa paa lenye kilo 500.

Njia zilizobaki ni chache. Chesisi ya umeme inaweza kuja tupu kama ya dizeli inavyokuja, ila mwenye chapa atataka kujua nani ataweka boliti karibu na betri yake, na hatampa kila karakana ruhusa hiyo. Chesisi ya dizeli itaendelea kwenye njia za mashambani kwa miaka mingi. Ni soko, lakini si la kukua. Njia ya tatu, ambayo sisi tunaiona kuwa yenye uwezekano mkubwa zaidi, ni fundi kuacha kuunda basi zima na kuwa muuzaji wa sehemu kwa mistari ya kuunganisha: viti, mabano, mifupa ya ubavu, nyuso za faiba, vioo. Jina la karakana litatoweka ubavuni mwa gari, na wengi hawatapenda. Kazi itabaki.

Kuingia humo hakuhitaji jengo jipya kwanza. Kunahitaji jigi, yaani fremu ya kudumu ambamo kila tao hushikwa mahali pale pale, ili basi la kumi lilingane na la kwanza kwa milimita 2 au 3 badala ya sentimita. Kunahitaji cheti cha kila shehena ya bomba, jina la mchomeleaji kando ya kila mshono mkubwa, na vipande vya majaribio vinavyokatwa na kuvunjwa kila wiki ili ionekane mshono umeingia hadi ndani. Karakana nyingi zina mikono ya kufanya hayo. Hazina karatasi, na mnunuzi mkubwa hununua karatasi kabla hajanunua chuma.

Na kuna kazi moja ambayo haijapata mwenyewe bado. Mabasi ya umeme yanagongwa kama mengine. Atakayenyoosha ubavu wake lazima kwanza achomoe plagi ya kutenganisha betri, akae na ufunguo wake mfukoni, angoje dakika zilizoandikwa na mtengenezaji ili umeme uliosalia kwenye vifaa ushuke, kisha apime kwa mita ya volti 1,000 huku amevaa glavu za raba, ndipo aguse chuma kilicho karibu na nyaya nene za rangi ya machungwa. Mashine ya kuchomelea haiwashwi karibu na sanduku la betri hata likiwa limezimwa. Sehemu ya kuchomelewa hufunguliwa na kutolewa nje. Fundi mwenye nyundo, jeki na ujuzi wa miaka 20 ana kila kitu cha kazi hiyo isipokuwa mita, glavu na mtu wa kumfundisha kuvitumia.